Kitabu cha Mtaa

"Narudia, Bhavini, na nitarudia hata koo linikauke: kitabu cha kanisa sina, sikukiona, na hata nikikiota usingizini sikifungui!"

"Basi kwa nini Baba anasema mtaa? Asubuhi mtaa, jioni mtaa! Na vitu vya mtaa huu vinakaa kwa nani kama si kwako, Nadim-bhai? Ngazi ya mtaa kwako. Ufunguo wa geti la nyuma kwako. Daftari la mtaa kwako."

"Ngazi! Sasa ngazi nayo imekuwa shahidi!"

"Na vidole vitatu je? Nikimuuliza kitabu kiko wapi, ananionyesha vidole vitatu. Nambari tatu ni nyumba ya nani?"

Nadim aliinua macho akaitazama nambari iliyopigiliwa juu ya mlango wake mwenyewe, tatu ya shaba aliyoisugua Jumapili iliyopita, akaonekana kuijutia.

Gaudensia Rwegoshora alikuwa amesimama kwenye ukuta mfupi unaotenganisha nyumba nambari tatu na nambari tano, daftari mkononi, bado hajafungua kinywa. Alifanya kazi ya upelelezi Mwanza miaka kumi na mitano kabla ya kuja London, na huko alijifunza jambo moja: majirani wakigombana, usiwakatize mapema. Mtu mwenye hasira hutoa bure yale ambayo ukimkalisha kwenye kiti atakuuzia kwa bei mbaya.

Na hakuwa msikilizaji peke yake. Kenton, pembezoni mwa London, ni mahali pa watu wenye adabu, watu wa mapazia meupe na magari yaliyooshwa, lakini ugomvi ni ugomvi. Bibi wa nambari nane, ng'ambo ya barabara, alikuwa nje na kopo lake anamwagilia maua. Maua yenyewe ya plastiki.

"Nadim!" Sauti ilitoka dirisha la jikoni la nambari tatu, pamoja na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Ilikuwa ya Nusra, mkewe, Mzanzibari asiyepika kimya. "Ukimaliza kutukanwa njoo unifungulie huu mkebe wa tui!"

"Sijamaliza!"

Hapo Gaudensia akaona patosha. "Bwana Nadim," alisema, "mimi ndiye niliyeitwa na Bhavini kukitafuta kitabu. Sijaja kukuita mwizi. Nina swali moja. Hilo daftari la mtaa mnaandika nini humo?"

Nadim alishusha pumzi. Alikuwa mtu wa Mombasa, mfamasia mstaafu, na kuulizwa swali kwa upole kulimrudishia heshima yake yote mara moja. "Kila kitu, mama. Nani kachukua ngazi, nani karudisha. Nani safarini, aangaliziwe nyumba. Nani ataka lifti. Miaka kumi na mmoja, halijakosa siku."

"Niletee."

Akaingia ndani kulichukua, na Gaudensia akautumia mwanya huo kuyapanga aliyokwisha kuyajua.

Mzee Chaman, baba yake Bhavini, alizaliwa Masasi, mtoto wa mwenye duka. Alipofika Uingereza hakukaa London na Wahindi wenzake. Alikwenda kununua duka dogo lenye posta ndani yake katika kijiji kiitwacho Marlcote, nyumba arobaini na sita, baa moja, na kanisa la mawe ya gumegume, akauza stempu na mkate huko kwa miaka ishirini na minane, hadi alipostaafu na kuhamia Kenton. Mwanzoni wanakijiji walimtazama kama mvua ya ghafla. Mwishoni ndiye aliyekuwa akiwaambia babu zao walikuwa nani. Kila jioni baada ya kufunga duka aliandika historia ya kijiji na kanisa lake, na kasisi mzee wa huko akawa anamwazima vitabu vya zamani. Cha mwisho alichoazimwa kilikuwa kitabu cha mazishi, cha mwaka 1771 hadi 1812, cha ngozi, ukubwa wa tofali.

Mwezi wa pili Mzee Chaman akapigwa na kiharusi. Kikamnyang'anya Kiingereza chote na Kigujarati chote, kikamwachia konzi moja tu ya Kiswahili cha utotoni. Mwezi wa tatu kasisi mzee akafariki. Wa tano akaja kasisi mpya, mama mmoja makini, akafungua sanduku la chuma la kanisa akakuta hati ya kuazima yenye sahihi ya Chaman, na kitabu hakuna. Barua yake ilikuwa ndani ya daftari la Gaudensia: kitabu kisipopatikana ifikapo saa kumi jioni ya Ijumaa, jambo hili litakwenda polisi, na historia aliyoiandika Mzee, ambayo tayari iko kwa mchapaji, itasimamishwa.

Ijumaa yenyewe ndiyo leo. Na ilikwisha kuwa saa tano.

Nadim alirudi na daftari la jalada gumu, limefungwa kwa mpira kama noti za mwenye duka. Gaudensia akaenda moja kwa moja mwezi wa pili. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Jumanne ya kwanza. 'Mzee Chaman, lifti, stesheni.' Ulimpeleka wewe?"

"Mimi. Na nilimrudisha mimi, jioni."

"Alibeba nini?"

"Begi hakuwa nalo. Lakini alikuwa akikumbatia kitu ndani ya koti, vile mtu abebavyo mtoto mchanga. Nikamwambia, Mzee, kiweke kiti cha nyuma upumzike. Akasema hiki hakikai nyuma."

"Na kurudi?"

"Mikono mitupu. Anapiga mluzi. Mfukoni ana chipsi."

Bhavini aliachama. "Na kwa nini hukuniambia?"

"Niliulizwa?" Nadim alimgeukia. "Nilianza kuitwa mwizi. Maswali yamekuja leo, na huyu mama."

Gaudensia aliandika: *Alitoka nacho. Hakurudi nacho. Kiharusi siku nne baadaye.* Kisha akafunga kalamu. "Bhavini, twende kwako. Bwana Nadim, naomba usiondoke nyumbani."

"Niende wapi? Niko chini ya ulinzi wa vitunguu."

*

Mzee Chaman alikuwa amekaa kwenye kiti chake dirishani, blanketi magotini, amechanwa nywele vizuri. Alikuwa ameusikia ugomvi wote, ilionekana kwa jinsi mkono wake wa kushoto ulivyokuwa ukiufinya ukingo wa kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," alijibu, neno limenyooka kama rula. Bhavini akafuta macho kwa kiganja, akajifanya anaondoa nywele.

Gaudensia hakumuuliza kitu kwanza. Alianza na nyumba, na alianza na mahali ambapo kila mtu alikwisha kupekua, kwa sababu anayetafuta kitabu haoni kitu kingine isipokuwa kitabu. Sebuleni, juu ya rafu ya miungu, kati ya taa na sahani ya maua, kulikuwa na ufunguo wa chuma wenye urefu wa kiganja, umepakwa mafuta.

"Huu?"

"Wa duka la babu, Masasi," alisema Bhavini. "Baba aliuweka hapo zamani. Usiuguse, tafadhali. Mimi mwenyewe siugusi."

Gaudensia hakuugusa. Aliinama akautazama kwa makini, kisha akaandika alama moja kwenye daftari lake.

Chumbani alifungua kabati la marehemu Sushila, mke wa Mzee. Kanga zilikuwa zimekunjwa doti kwa doti, pindo juu ya pindo, majina yakitazama mbele kama vitabu kwenye maktaba. Alihesabu doti kumi na moja. Chini kabisa palikuwa na kipande kimoja chekundu, kimekatwa kutoka kwa mwenzake na kupindwa vizuri. Jina lake: JIRANI MWEMA NI AKIBA.

"Mwenzake huyu yuko wapi?"

Uso wa Bhavini ukawa mgumu. "Nadhani ni yule dada aliyekuwa akija kumwogesha Baba. Sikutaka kusema, ila kuna vitu—"

"Alianza kuja lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mara ya mwisho uliiona doti nzima lini?"

Bhavini alifikiri. "Diwali. Mwaka jana. Nilizitoa zote nje kuzipiga jua."

"Basi kati ya Diwali na mwezi wa tatu kuna miezi mingi ambayo dada huyo hakuwa hata na anwani yenu. Umeshamwita mtu mmoja mwizi wiki hii. Wa pili tumwache kwanza."

Walirudi dirishani. Gaudensia alivuta stuli akakaa chini kidogo ya Mzee, kama mtoto wa nyumbani. "Mzee. Kitabu cha kanisa. Kiko wapi?"

Midomo ilihangaika. "Ni... nimerudisha." Akameza mate. "Mtaa. Nimerudisha mtaa."

"Umeona?" alisema Bhavini.

"Umemrudishia nani, Mzee?"

Mkono wa kushoto ukainuka. Vidole vitatu vikasimama. Kisha, na hili Bhavini hakuwahi kulitaja, vidole hivyo vitatu vikashikana na mkono ukazunguka kidogo kulia, taratibu, ukarudi.

"Hapo anafanya nini?" aliuliza Gaudensia.

"Mkono unamtetemeka. Daktari amesema ni kawaida."

"Mtetemo hauna mwelekeo. Huu umekwenda kulia, ukarudi. Nipe karatasi zake."

Kazi ya Mzee ilikuwa ndani ya boksi la viatu, nakala ya ile iliyokwenda kwa mchapaji, kurasa mia mbili za Kiingereza kilichopigwa chapa. Lakini pembeni, kwa penseli, herufi ndogo za mwenye duka, aliandika maelezo yake kwa Kiswahili. Ndivyo alivyojiandikia maisha yake yote, alieleza Bhavini: Kigujarati cha hesabu, Kiingereza cha wateja, Kiswahili cha mambo yake mwenyewe.

Gaudensia alisoma pembeni tu. Ukurasa wa kwanza: *Mtaa huu una miaka mia saba na zaidi.* Wa tisa: *Kila mwaka walizunguka mipaka ya mtaa kwa miguu, wakiyapiga mawe ya mpakani kwa fimbo ili watoto wayakumbuke.* Wa thelathini na moja: *Mabwana wameandikwa ukutani kwa marumaru. Maskini wa mtaa wameandikwa katika kitabu cha mazishi tu. Kikipotea, wamekufa mara ya pili.*

Aliinua kichwa. "Bhavini, barabara yenu hii ilijengwa lini?"

"Nyumba zote ni za mwaka 1934. Kuna kibao kule kona."

"Na Marlcote ina barabara ngapi?"

"Moja. Na nusu, ukihesabu ile ya ng'ombe."

"Basi mtaa wenye miaka mia saba, wenye mipaka ya kuzungukwa kwa miguu siku nzima, ni mtaa gani?"

Gaudensia alikwisha kutoa simu, akaiweka mezani na sauti juu. Aliyempigia ni Ambrose Namalowe wa Thornton Heath, mstaafu wa hospitali, mtu wa Masasi, mwimbaji wa besi ambaye hakukubali kamwe kuimba chini ya mtu mwingine.

"Gaudensia! Umekumbuka leo kwamba niko hai?"

"Nina haraka, Ambrose. Wewe ni Mwanglikana wa Masasi?"

"Wa kuzaliwa, wa kubatizwa na, Mungu akipenda, wa kuzikwa."

"Kwenu, eneo analoliongoza padre mmoja, na kanisa lake na watu wake, mnaliitaje?"

"Tunaliitaje vipi? Mtaa."

"Si parokia?"

"Parokia ni yenu Wakatoliki. Walutheri wana usharika wao. Sisi, padre ana mtaa. Padre wa mtaa, fedha za mtaa, kitabu cha mtaa. Kwani umeokoka?"

"Bado. Nitakupigia kesho."

"Kesho yako naijua, ina—"

Akakata. Bhavini alikuwa amekaa kitako juu ya mkono wa kiti cha baba yake. "Alisoma shule ya misheni," alisema polepole. "Masasi. Kwa mapadre."

"Hakukwambia kitabu kiko barabarani kwenu. Amekuwa akikwambia miezi yote hii kwamba amekirudisha parokiani. Na wewe umemshuku jirani yako."

Kutoka kitini Mzee Chaman alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka na wanafunzi wazito: "Mtaa."

"Lakini kasisi amefungua sanduku la chuma. Hakimo!"

"Ndiyo maana kuna vidole vitatu." Gaudensia alikuwa akifunua kurasa kwa kasi, jicho pembeni tu. Sabini na nne. Akasimama, akasoma kwa sauti. "*Kasha la mtaa. Gogo moja la mwaloni, limechongwa ndani kama mtumbwi. Kufuli tatu: ya kasisi moja, za wazee wa kanisa mbili, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake.* Na chini yake: *Ufunguo wa tatu unaning'inia dukani kwangu tangu mzee wa kanisa wa mwisho alipohama. Mhindi mwenye ufunguo wa kanisa! Sushila amecheka mpaka chai ikamwagika.*"

Macho yote mawili ya Bhavini yalikwenda kwenye rafu ya miungu.

"Babu yako alikuwa na maduka mangapi Masasi?" aliuliza Gaudensia.

"Moja."

"Basi kwa nini ufunguo wa duka lake umechongwa mistari mitatu kichwani?"

Bhavini alinyanyuka, akanawa mikono, akauchukua ufunguo kwa mikono miwili. Mistari ilikuwepo, mitatu, imelika na miaka. Mzee aliutazama, akainua vidole vyake, akazungusha mkono kulia.

Gaudensia alisoma mstari wa mwisho wa ukurasa, ulioandikwa kwa penseli mpya zaidi. "*Sanduku la chuma lina unyevu, vitabu vinaota ukungu. Nimekubaliana na Padre: hiki kitarudi kwenye mwaloni kilikotoka. Jumanne nakwenda. Yeye ana funguo mbili, mimi wa tatu.*"

Hadi hapo lilikuwa neno la mtuhumiwa juu ya karatasi yake mwenyewe. Kasisi angelisikiliza kwa heshima, kisha angepiga simu polisi. Gaudensia alitazama saa. Saa saba kasorobo. Akapiga Marlcote.

Kasisi alikuwa kanisani. Waliongea Kiingereza, na picha yake ilikuwa ikichezacheza kwenye kioo cha simu, nywele za kijivu, miwani iliyopandishwa kichwani. Kasha? Ndiyo, lipo, chini ya mnara wa kengele. Wanawekea maua juu yake. Halijafunguliwa tangu yeye afike. Alikuta funguo mbili kwenye droo ya marehemu na kufuli tatu, akaambiwa wa tatu ulipotea siku nyingi na ndani ni patupu.

"Nani alikuambia ni patupu?"

"Kila mtu," alisema kasisi.

"Makasha ya namna hiyo, mengi yana tundu la sadaka juu ya kifuniko. Lako linalo?"

Walisikia vyungu vya maua vikisogezwa. Walisikia hatua. "Linalo. Jembamba."

"Washa taa ya simu yako, uchungulie."

Mlango wa mbele wa nambari tano ulikuwa wazi, na Nadim alikuwa amesimama kizingitini. Alikuja kulifuata daftari lake, alisema baadaye, ingawa daftari lilikuwa kwapani mwake. Hakuna aliyemfukuza.

"Kuna kitu," ilisema sauti ya kasisi, sasa kwa mwangwi, mdomo uko karibu na mbao. "Kitambaa. Chekundu. Kimefungia kitu chenye pembe, kama... kama tofali. Kitambaa kina maandishi."

"Tusomee herufi. Moja moja."

"I. R. A. N. I." Akasita. "Irani? Ni kitabu kutoka Irani?"

Bhavini alikwisha kukimbilia chumbani. Alirudi na kile kipande kimoja kutoka kabati la mama yake, akakikunjua mbele yao, mikono yote miwili juu, mpaka pindo likagusa zulia.

"Kabla ya I," alisema Gaudensia kwenye simu, kwa utulivu wa mtu anayetia uzi kwenye sindano, "kuna herufi imejikunja. Sogeza taa kushoto."

Mwangwi. Pumzi. "Ndiyo. J."

JIRANI MWEMA NI AKIBA, ilisema kanga ya Sushila, wekundu wake umejaa sebule nzima, na hakuna aliyethubutu kumtazama Nadim, na hakuna aliyeweza kutomtazama.

Kasisi aliongea tena, na safari hii sauti ilikuwa nyingine. Hakuna polisi, alisema. Atampigia mchapaji sasa hivi. Ila ufunguo anauhitaji, na kama Bwana Chaman anaweza kusafiri, angependa aulete mwenyewe, kwa mkono wake, maana anakidai kijiji kizima samahani, na yeye kasisi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuitoa. Gaudensia aliweka simu karibu na Mzee ili aisikie sauti hiyo. Mzee hakuelewa maneno. Alielewa sauti, akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama alivyokuwa akiitikia mteja aliyelipa.

Simu ikakatwa. Ikabaki kazi ambayo mpelelezi hamfanyii mtu.

"Nadim-bhai," alianza Bhavini, kanga bado mikononi. "Mimi... ile ngazi..."

"Ngazi imesamehe," alisema Nadim. Alikwisha kulifungua daftari la mtaa juu ya meza, akatoa kalamu mfukoni, akaandika huku akitamka kila neno, ili kila mmoja asikie na mambo yaishe: "Kesho. Mzee Chaman na Bhavini. Lifti. Marlcote. Kurudi, chipsi."

Bhavini alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine, akaficha uso ndani ya kanga ya mama yake. Nadim alijishughulisha sana na kifuniko cha kalamu.

Dirisha liligongwa kwa mwiko.

"Nyie!" Nusra alikuwa amesimama nje juu ya ukuta mfupi wa mpakani, ushungi umelegea, mvuke bado usoni. "Nimesikia yote, msinisimulie. Wali wa nazi umeiva. Na mbaazi za Mzee ziko kwenye sufuria lake mbali, na mwiko wake mbali, nyama haikusogea hata karibu. Gaudensia na wewe, hujaja huku kunusa tu. Njooni ndani, mle."

Bhavini aliinua uso uliolowa, na ustaarabu wa Kenton ukamtangulia mdomoni. "Asante sana, Nusra-ben, lakini sisi tulikwisha ku—"

"Njaa," alisema Mzee Chaman.

Waligeuka wote. Alikuwa amelisukuma blanketi mpaka sakafuni na kunyoosha mkono wake mzima, anasubiri mtu amwinue.

"Basi mleteni," alisema Nusra, na kupitia dirishani wakamwona akishuka ukutani kwenda kuufungua mlango wa nambari tatu, kwa upana wake wote. "Karibu, Mzee. Karibu ndani."